Jani Linasomwa Juani

Machi 2
Daftari hili kanipa Dada leo. Kasema, "Kila tangi unalolihudumia, andika. Umelikuta vipi, umefanya nini, umeliachaje. Kichwa chako wewe ni chujio, kinabakiza takataka tu, maji yote yanapita." Nikampigia saluti. Mimi namwita Kamanda tangu nikiwa mdogo, maana mama alipotutoka yeye ndiye aliyenipigisha gwaride: kuoga, kula, kulala. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo atakayesoma mwandiko huu avumilie. Mimi mwenyewe nauvumilia.

Kazi yetu ni samaki wa mapambo na mimea yao. Duka liko mbele, nyuma yake kuna chumba cha mimea kisicho na dirisha, sisi tunalala vyumba viwili vya uani. Halafu tunazunguka kuhudumia matangi ya watu, maofisini, hotelini, majumbani kwa wenye nafasi. Dada ndiye akili ya duka, mimi ndiye mdomo. Mtu akija kununua samaki mmoja anaondoka na watatu, na anaondoka anacheka.

Mvua imeanza leo.

Machi 4
Mvua. Matangi mawili ya hoteli. Konokono wamezaana kama wamelipiwa.

Machi 5
Leo Dada kanituma kliniki ya meno. Lile ni tangi lake mwenyewe, kalishika miaka sita, hata kidole hakunikubalia kutia, mimi kwake pale ni wa kubeba ndoo tu. Leo eti, "Nenda wewe. Mimi magoti." Magoti! Juzi magoti hayakuwepo.

Nimekuta mimea ya njano. Siyo jani moja, ni nusu ya bustani. Mengine yamelainika kama mboga iliyosahaulika jikoni, ukiyagusa yanakufia mkononi. Daktari wa meno akatoka na glavu zake, akasimama nyuma yangu.

"Kijana, watu wanakaa kwenye viti hivi wakiwa na hofu. Tangi hili ndilo linalowatuliza. Sasa mtu anasubiri kung'olewa jino huku anatazama kitu kinaoza."

"Daktari, nipe siku mbili."

Siku mbili ndiyo dawa yangu ya wateja wote. Ukimwambia mtu mwezi anakufukuza, ukimwambia siku mbili anakuandalia chai. Nikatia dawa ya madini ya chuma, vifuniko viwili. Mapokezi pale kuna mama mmoja mnene, mcheshi kunishinda mimi, namwita Mama Mapokezi. Kaniuliza, "Kamanda wako yuko wapi? Kanikinai?" Nikamwambia anafuga magoti. Tukacheka mpaka mgonjwa mmoja akasahau kushika shavu.

Machi 6
Dada kaniuliza njano ipo wapi.

"Kwenye majani."

"Majani gani? Ya chini au ya juu? Ya zamani au machanga? Na mishipa ya jani? Imebaki kijani, au nayo imegeuka?"

Nikashika ufagio.

"Yaani umempa mgonjwa dawa hujamuuliza anaumwa wapi."

"Si njano, Dada? Njano ni chuma."

"Njano siyo ugonjwa. Njano ni mmea unakwambia niangalie. Rudi, nikatie jani la chini na jani la juu, niletee."

Machi 9
Nimeleta majani kwenye mfuko wa maji. Nikataka kumwonyesha mle chumba cha mimea alimokaa, akanifukuza. "Nimekufundisha nini?" Ni kweli kanifundisha. Mle ndani kuna taa za zambarau, zile zinazokuza mimea, na zile taa ni waongo wa kuzaliwa. Jani bovu chini yake linang'aa kama lililochipuka jana. Mwaka ule tulipoanza, Dada alimuuzia mtu beseni zima akiamini ni mimea mizima, yule bwana kufika nje kwenye mwanga akakuta ni majani ya kuzikwa. Akarudi nalo, akammwagia mlangoni. Tangu siku hiyo sheria ya duka ni moja: jani linasomwa juani. Jua likikosekana, mlangoni.

"Basi njoo mlangoni usome."

"Soma wewe. Mimi nakusikia nikiwa humu humu."

Nikasimama mlangoni, mvua inanirushia mgongoni, nikasoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Jani la chini njano lote, mishipa nayo njano. Jani la juu dogo, lakini kijani.

"Hiyo njaa," akasema Dada. "Lingekuwa jani la juu limepauka na mishipa imebaki kijani, hapo ungeniambia chuma. Mmea wenye njaa unajila wenyewe. Unanyonya majani ya zamani ili ulishe machanga. Sasa kamuulize mwenye nyumba kwa nini kuna njaa nyumbani kwake."

Alikuwa anajikuna mikono wakati anaongea. Nikamwambia Kamanda kashikwa na upele wa samaki. Akasema ni ile dawa ya kutibia maji. Kweli, hata mimi huwa inaniwasha.

Machi 11
Njaa imepatikana! Ni Mama Mapokezi. Samaki walikuwa kumi na wanane, daktari kaona wanachafua maji, kagawa kumi na watano. Na kila Ijumaa mama yule ananyonya changarawe kwa mpira mpaka inameta. Kinyesi cha samaki ndicho chakula cha mimea, sasa yeye kila Ijumaa anamwaga chungu cha watu.

"Mimi nilidhani nasaidia," kasema, mkono mdomoni.

"Umesaidia, mama. Tangi ni safi mpaka halina cha kula."

Nimerudisha samaki, nimefukia mbolea ya vidonge kwenye mizizi, nimemnyang'anya mpira.

Machi 13
Mvua. Dada hakula usiku.

Machi 14
Mvua. Taa moja ya zambarau imeungua. Dada kaibadilisha haraka, sijapata kuona. Vitu vingine mwezi mzima havibadilishwi.

Machi 17
Mvua. Nitabaki uchi wa mnyama, nguo hazikauki.

Machi 20
Daktari wa meno: "Siku mbili zako zimekuwa wiki mbili."

Nikamweleza kama Dada alivyonieleza. Jani likishakuwa njano halirudi. Hata ulilishe nini, halirudi. Usilitazame hilo, tazama linalochomoza. Yale ya njano nikayakata mbele yake moja moja, tangi likabaki na vipara. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeagiza kunyolewa nywele akanyolewa na nyusi. Nikamwonyesha katikati ya shina, vichipukizi vidogo kama kucha za mtoto. Akainama, akavua miwani, akavaa tena. Akasema haya, tutaona.

Machi 27
Nimegombana na Dada na nitaandika kila kitu kwa sababu nina hasira.

Kazi zote kanitupia mimi. Hoteli, kliniki, yule mama mwenye matangi manne, yule mzee mwenye samaki mmoja mkali. Yeye kashinda kwenye kigoda mle kwenye zambarau, kajifunga kanga mabegani, anapogoa mimea ambayo jana kaipogoa. Uani anatoka kabla hakujapambazuka kuoga, anarudi mle. Chakula anasema kashakula. Leo kaniita nimtajie wateja wote kwa kichwa, kila mmoja na tangi lake na ugonjwa wake. Nikakosea mmoja, akanirudisha mwanzo. Nimetoka kubeba ndoo toka asubuhi!

Nikamwambia, "Dada, mimi nimekuwa punda wako?"

"Punda ameshaijua njia. Endelea. Wa saba nani?"

"Wa saba ni wewe! Uvivu umekukaa mpaka kwenye mifupa."

Akanitazama. Nikadhani atanirushia mkasi. Akasema taratibu, "Wa saba ni yule mzee mwenye samaki mkali. Samaki huyo usimtie mkono kabla hujamlisha."

Sijamuaga, nimekuja kulala.

Machi 30
Mvua. Hatuongei. Samaki ndio wanaongea.

Aprili 1
Mvua. Nimemletea uji, kanywa vijiko vitatu. Tunaongea.

Aprili 3
Sijui nianzie wapi. Nianzie asubuhi.

Kumekucha na jua. Jua la kweli, la kwanza baada ya siku tisa, mabati yanatoa moshi. Nikasema leo nafua. Saa nne umeme ukakatika. Umeme ukikatika kwetu siyo mchezo, pampu zinasimama, samaki wanakosa hewa. Kazi ni kuchota maji na kikombe na kuyamwaga toka juu, tangi hili, tangi lile, mpaka mkono uombe msamaha. Matangi ishirini na mawili. Nikapiga kelele, "Kamanda! Toka, tunapoteza jeshi!"

Taa za zambarau nazo zilikuwa zimezima. Mle ndani giza. Hakujibu.

Nikafungua mlango wa mbele wote, nikafungua na wa nyuma, mwanga ukapita duka zima. Dada akatoka na kikombe mkononi. Alikuwa kajifunika kanga kichwani mpaka karibu na macho. Akaanza tangi la kwanza, akanipa mgongo. Tukamwaga maji, mimi natania, nikasema samaki leo wanaogeshwa kama mabwana harusi. Kanga ikateleza, mikono yote ina maji, hakuweza kuishika. Akageuka.

Macho yake yalikuwa ya njano.

Siyo njano ya kuchoka. Nyeupe yote ya jicho ilikuwa njano. Na ngozi ya shingo, na viganja. Na shingo ilikuwa nyembamba, ile mifupa ya begani imesimama. Mikono ina alama za kucha. Mimi nilikuwa nimemwona kila siku. Kila siku! Nimekaa naye mle ndani tunapanga mimea, uso kwa uso, chini ya zile taa, na nikamwona mzima.

Kikombe kikanitoka.

"Dada, macho yako."

"Mwagia maji samaki."

"Dada macho yako yana nini?"

"Samaki watakufa. Mwaga maji kwanza."

Tukamwaga maji. Sijui kwa nini nilimtii, nadhani kwa kuzoea. Nusu saa nzima tumemwaga maji, mimi machozi yananitoka, yeye anasema "hilo la kona, hilo la kona". Umeme uliporudi nikauziba mlango wa chumba cha mimea kwa mwili wangu. Nikamwambia leo huingii humu.

Akakaa kizingitini, juani.

"Tangu lini?"

"Kabla ya mvua."

"Na ukanyamaza?"

"Nilijua siku nikitoka nje utaniona. Jicho lako nimelifundisha mimi. Ndiyo maana nikakaa mle."

"Kwa nini, Dada? Kwa nini?"

Akaangalia barabara. Mtu mmoja alipita na baiskeli, akamsalimu, naye akaitikia vizuri kabisa. Halafu akasema, "Niliogopa. Basi. Nilijua nikikwambia tu, kuanzia siku hiyo mimi ni mgonjwa. Nikasema nipate kwanza siku za kuwa mimi. Na wewe ujue wateja wote."

Mimi nikamwita mvivu. Ipo hapo juu, nimeiandika kwa mkono wangu.

Aprili 4
Hospitali. Foleni. Daktari ni mwanamke mdogo, ana sauti ya chini. Kamvuta kope, kambonyeza tumbo, kaagiza picha.

Aprili 7
Yule daktari kaniita pembeni. Kuna uvimbe kwenye kongosho, umekaa juu ya njia ya nyongo, nyongo haina pa kupita, ndiyo inarudi kwenye damu. Nikamwambia basi ukateni. Kasema umeshatawanyika. Kaniuliza, "Mnakaa nyumba moja?" Nikasema ndiyo. Hakusema zaidi. Angesema zaidi ingekuwa afadhali.

Jirani yetu mshonaji alikuja kumwona. Kutoka nje tu, kanipasulia, "Mficha maradhi kifo humuumbua." Nikamwambia shangazi, nenda kashone.

Aprili 11
Leo wamemwekea kibomba kidogo ndani, njia ya nyongo ipate kufunguka. Kaingia ananiamuru, katoka ananiamuru. Tangi la hoteli nimelisahau siku tano, kajua bila kuambiwa.

Aprili 14
Njano inapungua. Nimempeleka dirishani kila asubuhi nikamsoma.

Aprili 16
MACHO MEUPE! Meupe kabisa, kama ya mtoto! Na kuwashwa kumeisha. Na kala, kala nusu sahani, kaomba chumvi. Mimi nimecheza katikati ya wodi, muuguzi kanitishia sindano. Nimempigia kila mtu. Mama Mapokezi kapiga vigelegele kwenye simu mpaka nikasikia daktari wa meno anauliza kuna nini. Nimewaambia wote: Kamanda kapona, anarudi kwenye matangi.

Jani halirudi. Dada karudi. Nimemwambia hivyo, akacheka, akashika tumbo.

Aprili 17
Yule daktari mdogo kanikalisha. Kasema rangi ndiyo imeondoka. Uvimbe uko palepale. Kibomba ni cha kumpunguzia mateso, siyo cha kumponya. Nikamwambia lakini macho ni meupe, mimi mwenyewe nimeyaona mchana kweupe. Kasema anajua. Kasema watu wengi hudhani hivyo.

Sijampigia mtu yeyote kurekebisha. Nimeshindwa. Mdomo wote huu, nimeshindwa.

Aprili 21
Tumerudi nyumbani. Kitanda chake nimekivuta mlangoni uani. Mvua bado.

Aprili 25
Mvua. Kijiko kimoja.

Aprili 26
Mvua.

Aprili 29
Mvua. Nimemwosha miguu. Ni midogo. Sikujua Dada ana miguu midogo. Mimi toka utoto namwona mtu mkubwa sana.

Mei 2
Leo mchana alikuwa na nguvu kidogo. Macho bado meupe. Kaniuliza, "Wewe unanionaje?"

"Kamanda, siku mbili tu utakuwa unanifukuza na ndoo."

"Usinipe siku mbili zako. Mimi siyo mteja."

Kwenye bati mvua inapiga. Nikaanza utani mwingine, nikauacha katikati.

"Daktari alikwambia nini? Mimi kaniambia. Nataka nisikie kwako."

"Kama kakwambia, mimi wa nini?"

"Nimechoka kujua peke yangu."

Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Dada, huponi." Nikamwambia macho yamekuwa meupe lakini huponi, na nilijua tangu tarehe kumi na saba, na nilikuwa nakudanganya na kujidanganya. Nikamwambia naona huu mwezi hutauvuka. Sauti haikuwa yangu, ilikuwa ya mtu mzima fulani.

Akafumba macho. Nikadhani nimemuua.

Akasema, "Ahsante." Halafu, "Umeona? Hujafa." Halafu akataka nimgeuze upande wa ukutani, mgongo unauma. Nikamgeuza. Tukakaa hivyo mpaka jioni, tumezungumza juu ya mama, alivyokuwa anatupiga na mwiko kisha anatafuta mwiko ulipo. Sijawahi kukaa na Dada muda mrefu hivyo bila kazi mkononi.

Mei 5
Mvua. Hanywi hata maji.

Mei 6
Asubuhi, saa moja na nusu. Nilikuwa nimekwenda kuwasha taa za matangi. Niliporudi alikuwa ameshaondoka.

Mei 8
Tumemzika jana. Watu wengi. Hata yule mzee wa samaki mkali kaja.

Mei 9
Leo nimefungua duka kwa sababu samaki hawajui msiba.

Saa tatu simu ya Dada ikaita. Ilikuwa kaunta, sikuwa nimeizima. Mama Mapokezi. Alikuwa kasafiri kwa mwanawe wiki tatu, karudi kazini leo.

"Nipe Kamanda nimwambie tangi lake limependeza! Daktari kavua miwani mara nne! Mwambie hata mimi simsamehe, kapona toka mwezi jana hata kuja kunisalimu?"

Nikamwambia, "Mama, Dada amefariki."

Akacheka. Kicheko chake kile kikubwa, cha tumbo zima. "Wewe mtoto utani wako utakuja kukupeleka pabaya! Mpe simu niongee na mwenzangu."

"Mama, amefariki tarehe sita asubuhi. Tumemzika."

"Jamani huyu!" Akaendelea kucheka, nikasikia anamwambia mtu pembeni, eti msikilize huyu chizi anavyosema. Mimi ndiye niliyemwambia Dada kapona. Mimi ndiye niliyemchekesha miaka yote hii, hajawahi kusikia kwangu neno la kweli hata moja.

Sikukata simu. Nikaishika sikioni, nikamsubiri amalize kucheka.